Jinsi ya kulinda faragha ya wapangaji kwenye mfumo wa pampu na matanki wenye sensa zaidi ya moja

Mafundi wenzangu, hasa nyie mnaofunga mifumo ya pampu na matanki kwenye majengo ya kupangisha, hii naiandika kwa sababu nilikosea mwenyewe na sitaki mwingine arudie kosa lile lile. Nilikuwa nafunga mfumo kwenye jengo la nyumba 12, kila nyumba ina simtanki lake la lita 1,000 juu ya paa, chini kuna tanki kubwa na pampu moja, na kila simtanki lina valvu ya umeme inayofunguka maji yakipungua. Mwenye nyumba alitaka aone kila kitu kwenye simu. Mimi nikawaza, huyu akiona maji ya kila mtu dakika kwa dakika ataona maisha yao, basi ngoja niweke kelele kidogo kwenye data kabla haijatoka, yaani namba za kubahatisha zinazojumlishwa kwenye kipimo ili mtu asijue kipimo halisi ni kipi. Nikaweka kelele za sentimita 10 hivi, juu au chini, kwenye kila sensa, yaani kila kifaa cha kupimia maji. Nikaona nimemaliza.

Shida ni kwamba kila tanki lilikuwa na sensa tatu. Moja ya mawimbi ya sauti juu ya mfuniko, ya pili kama hiyo ya akiba, maana hizi za bei nafuu mvuke ukiganda kwenye uso wake au buibui akijenga zinasoma uongo, na ya tatu ya presha pale chini kwenye bomba la kutokea. Sensa tatu zinapima maji yale yale. Kijana wa fildi tuliyekuwa naye nikampa data ile ile yenye kelele acheze nayo, kesho yake akaja na grafu kwenye laptopu, akaniambia, "Fundi, huyu wa namba saba anaamka saa kumi na nusu alfajiri, alafu Jumapili huwa hayupo kabisa mpaka jioni." Alichofanya ni kuchukua wastani tu, hakuna kingine. Nilinyamaza muda mrefu, kwa sababu namba saba anaishi mama peke yake.

Kwa hiyo twende hatua kwa hatua, na namba nitaweka ili mtu ajaribu mwenyewe.

Kwanza, andika nani anahitaji kujua nini

Usianze na sensa, anza na watu. Kwenye jengo lile mwenye nyumba kwa kweli anahitaji vitu vitatu: ajue hakuna tanki lililokauka au linalofurika, ajue kama kuna bomba linavuja, na mwisho wa mwezi ajue bili ya kila nyumba. Basi. Saa ngapi mtu ameoga haimo humo. Kontrola yenyewe, ile iliyoko kwenye boksi la umeme, inahitaji kipimo halisi kila wakati ili ifungue na kufunga valvu. Mpangaji anahitaji maji yake na bili yake. Ukishaandika hivi utashangaa jinsi data nyingi tunazozituma nje hazina mwenye kuzihitaji, zinatumwa kwa sababu tu sensa ipo na laini ya intaneti ipo.

Na andika pia unaficha nini hasa, kwa maneno ya kawaida. Mimi niliandika: mtu yupo au hayupo, anaamka na kulala saa ngapi, wanaishi wangapi mle ndani. Hii ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi, maana mwizi akijua nyumba namba fulani haijatumia maji siku tatu hahitaji kujua kitu kingine.

Pili, hesabu matundu yote, sio sensa peke yake

Kila kitu kinachotoka nje ya boksi mimi nakiita tundu. Hapa ndipo watu wengi tunateleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Simtanki la lita 1,000 lenye upana wa mita 1.1 hivi, eneo lake ni kama mita za mraba 0.95, maana yake kila sentimita moja ya kina ni lita 9.5. Ndoo ya lita 20 inashusha maji sentimita 2.1. Kuflashi choo lita 6 mpaka 9 ni chini kidogo ya sentimita moja. Presha nayo, kila sentimita ya maji ni paskali 98, kwa hiyo ndoo moja ni paskali 206 hivi. Sasa umeona kina na presha ni kitu kimoja kilichovaa nguo mbili, ukificha kimoja ukaacha kingine hujaficha.

Lakini kuna matundu ambayo hayafanani na sensa kabisa. Chukua mita ya maji yanayoingia kwenye tanki na kina cha tanki. Maji yaliyotumika ni yaliyoingia, toa yale yaliyoongezeka tankini. Ni hesabu ya kujumlisha na kutoa tu, kwa hiyo hata kama hujaweka mita kwenye bomba la kwenda kwa mpangaji, au umeiweka na ukaificha, mwenye kuona hizo mbili nyingine anaipata bila jasho. Alafu kuna valvu. Kama umeiseti ifunguke maji yakishuka sentimita 30, basi kila ikifunguka maana yake mtu katumia lita 285 na ushee tangu ilipofunga mara ya mwisho, na ile rekodi ya "valvu imefunguka saa fulani" inasema kila kitu bila namba yoyote ya sensa. Ampea za pampu nazo, pampu ikiwaka saa nane usiku na valvu iliyofunguka ni moja tu, umejua nani yuko macho. Na rekodi za alamu, na muda ulioandikwa pembeni ya kila ujumbe, na hata ukubwa wa ujumbe wenyewe kama mfumo wako unatuma tu pale kitu kinapobadilika. Ukimya nao ni habari.

Chukua karatasi uchore jedwali, kushoto matundu, juu zile siri zako, alafu kila kisanduku jiulize: kwa hili tundu peke yake, au likishikana na jirani yake, mtu anaweza kufika kwenye siri? Mimi nilianza nikidhani nina matundu matatu kwa kila nyumba, nikamaliza na tisa.

Wale wa umeme hii mnaijua kwa sura nyingine. Mita ya kidijitali inatoa volti, ampea, wati na pawa fakta, na wati ni volti mara ampea mara pawa fakta, kwa hiyo aliyeficha wati akaacha ampea 6.5 kwenye volti 230 ameonyesha wati 1,500, mtu yeyote atakuambia hapo kuna birika au pasi imewaka. George Hart na wenzake pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walishaonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba kwa kusoma mita moja tu ya nyumba unaweza kutenganisha vifaa vilivyomo ndani kimoja kimoja, na makala yake inayotajwa sana ilitoka 1992. Uholanzi mwaka 2009 Seneti yao ilikataa sheria ya kulazimisha kila nyumba iwe na mita janja, faragha ikiwa moja ya sababu kubwa, na Marekani mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema kwamba mji wa Naperville kukusanya data za mita kila dakika 15 ni upekuzi kwa mujibu wa katiba yao, japo ikauona ni upekuzi wa halali kwa mazingira yale. Maji hayana tofauti na umeme kwenye hili.

Tatu, usiguse sensa za usalama wala kitanzi cha kontrola (ile kazi ya kupima, kuamua na kufungua valvu)

Kuna mtu atasema basi toa sensa za ziada, ibaki moja. Usifanye hivyo. Sensa ya ziada ipo kwa sababu ya uhai wa mfumo, ukiwa na tatu unachukua ile ya katikati na moja ikidanganya mbili zinaishinda. Sote tunakumbuka ndege ya Ethiopia namba 302, Boeing 737 MAX, iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi tarehe 10 Machi 2019 wakafa watu wote 157, ule mfumo wa kusukuma pua ya ndege chini ulikuwa unasikiliza sensa moja tu ya pembe ya upepo wakati ndege inazo mbili. Tanki la maji sio ndege, lakini pampu ikizunguka kavu inaungua na tanki likifurika juu ya paa maji yanaingia kwenye dari ya mtu.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kontrola inatumia vipimo halisi, vyote, na inafanya maamuzi yake palepale kwenye boksi bila kutegemea intaneti. Kelele zinawekwa mlangoni tu, kwenye kile kinachotoka nje. Na alamu za hatari kama kufurika, pampu kavu, presha kupita kiasi, hizo zitoke kama zilivyo, saa ile ile, bila kelele. Zinatokea mara chache na mpangaji mwenyewe angetaka zitoke.

Nne, weka kelele kwenye maji, usiweke kwenye sensa

Hili ndilo lililonishinda mara ya kwanza na ndilo nataka ulibebe.

Ukiweka kelele tofauti kwenye kila sensa, kila moja na bahati yake, mtu akichukua wastani kelele zinalana zenyewe. Mtawanyiko, yaani umbali wa kawaida wa kipimo kutoka kwenye ukweli, unapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo. Sentimita 10 kwa sensa tatu inakuwa 5.8. Hapo mtu atasema bado nzuri, lakini mimi nilikuwa natuma kila sekunde 10, na tanki kwa dakika kumi wakati hakuna anayetumia maji limetulia, kwa hiyo una vipimo 60 mara sensa tatu, 180, kipeuo chake ni 13.4, kelele zimebaki sentimita 0.75. Ndoo ya sentimita 2.1 inaanza kuonekana. Ukipewa saa nzima ya usiku vipimo 1,080, kelele zimebaki milimita tatu, sasa unaona mpaka choo kilichoflashiwa. Ndivyo kijana wa fildi alivyofanya. Kurudia kipimo kwa wakati nako ni sensa ya ziada, tena ndiyo kubwa kuliko zote, na hakuna anayeihesabu.

Dawa yake ina sehemu mbili. Ya kwanza, changanya kwanza alafu ndio upige kelele. Ndani ya boksi, chukua sensa zote tatu upate makadirio moja ya kina, alafu hiyo moja ndiyo uiwekee kelele mara moja na uitoe. Tundu moja badala ya matatu.

Ya pili ni kwa pale unapolazimika kutoa sensa zote, kwa mfano fundi wa matengenezo aliye mbali anataka kulinganisha sensa ya juu na ya presha ajue ipi imeharibika. Hapo bahatisha namba moja tu, kwa mfano sentimita 4, ichukulie kana kwamba tanki lenyewe lina maji zaidi ya sentimita 4, alafu igeuze kwa lugha ya kila sensa: sensa za juu zote mbili ongeza sentimita 4, ya presha ongeza paskali 392, na kama unatoa ujazo ongeza lita 38. Sasa mtu akichukua wastani wa zote bado ana zile sentimita 4 hazijaenda popote. Na uzuri wake ni kwamba tofauti kati ya sensa inabaki vilevile ilivyo kweli, kama ya juu inasoma sentimita 2 zaidi ya presha kabla ya kelele, baada ya kelele bado ni 2, fundi anaona kuna sensa imehama na hajajua kina halisi. Nilipoielewa hii nilifurahi sana maana muda wote nilidhani lazima uchague kati ya kugundua hitilafu na kulinda watu.

Ila chunga sana: tundu moja likitoka bila kelele, ile ampea ya pampu au rekodi ya presha aliyoisahau mtu kwenye seva, anayeona anatoa moja kwa nyingine anapata kelele yenyewe, na akishaipata ameisafisha kwenye sensa zote kwa wakati ule. Ndiyo maana karatasi ya hatua ya pili ni lazima.

Tano, usitume mfululizo

Hata kelele ya pamoja ukiibahatisha upya kila sekunde 10 wastani wa saa utaila. Ukisema basi niiache ile ile sentimita 4 siku nzima, nayo haisaidii, kwa sababu anayetafuta ndoo hatafuti kina, anatafuta kushuka kwa kina, na akitoa kipimo cha sasa kwa cha dakika tano zilizopita ile 4 inajifuta. Nilijaribu zote mbili, usipoteze muda.

Na tanki lina tabia yake ya kukumbuka. Mtu akichota ndoo saa kumi na moja alfajiri, zile sentimita 2.1 zinabaki kwenye kila kipimo mpaka valvu ifungue na kujaza, inaweza kuwa masaa. Tukio moja limeandikwa kwenye mamia ya vipimo. Mfumo wowote wenye kumbukumbu hivi, tanki, betri, joto la chumba, unavujisha zaidi ya unavyodhani ukiutazama kipimo kimoja kimoja.

Tulichofanya mwishowe ni hiki. Tulibadilisha ujazaji uwe wa ratiba, mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, matanki yote yanajazwa mpaka juu, na ile ya maji kushuka sana tukaiacha kama akiba ya dharura, na ikitokea inahesabiwa ndani ya boksi hairipotiwi kwa saa yake. Kina cha tanki kinatumwa mara tu baada ya kujaza, basi. Fikiria: baada ya kujaza kila tanki limejaa, aliyetumia ndoo kumi na asiyekuwepo wiki nzima wote wanasoma sawa. Kipimo kile hakina siri ndani yake hata bila kelele, na bado kinamwambia mwenye nyumba alichotaka, kwamba matanki yanajaa, na kama moja halijajaa ajue valvu imekwama. Siri imehamia kwenye mita ya kuingizia, nani alijaziwa lita ngapi, na hiyo haitoki ndani ya boksi kila siku.

Sita, pima ukubwa wa kelele kwa hesabu, sio kwa kukisia

Kwa zile jumla ambazo lazima zitoke, kama maji ya jengo zima, tumia njia iliyowekwa na watafiti Dwork, McSherry, Nissim na Smith mwaka 2006. Jiulize: tukio ninaloficha linaweza kubadilisha namba ninayotoa kwa kiasi gani, mwisho kabisa? Gawanya kwa epsiloni, ambayo ni kipimo cha ulinzi, ikiwa ndogo ulinzi mkubwa, alafu chukua kelele za Laplace, aina mojawapo ya namba za kubahatisha, zenye ukubwa huo.

Mfano. Jengo zima linatumia kama lita 3,600 kwa siku, nyumba 12 kwa lita 300 hivi kila moja. Nataka kuficha tukio la lita 100, kufua nguo au mgeni kuja. Epsiloni naweka 1, ukubwa wa kelele ni 100, mtawanyiko wake unakuwa lita 141, chini ya asilimia 4 ya jumla. Mwenye nyumba hakosi kitu. Lakini nikitaka kuficha kama nyumba fulani ilikuwa tupu siku nzima, hapo naweka kikomo kwamba nyumba moja haihesabiwi zaidi ya lita 500 kwa siku, kelele zinakuwa 500 na mtawanyiko lita 707, hiyo kwa siku moja ni asilimia 20, haifai. Basi sitoi kwa siku, natoa jumla ya wiki, lita 25,200, na 707 hapo haifiki asilimia 3. Tuliishia hapa, wiki kwa wiki.

Jua mipaka yake. Epsiloni zinajumlishana, tabia inayojirudia kila siku kwa siku 30 ukitoa kila siku kwa epsiloni 1 umefika 30, na hiyo ni sawa na hakuna ulinzi kwa ile tabia. Hata hiyo ya wiki inaficha siku moja ya kutokuwepo, mtu akisafiri wiki nzima ulinzi ni hafifu zaidi.

Na kama unatoa namba kadhaa zinazotegemeana, hesabu mabadiliko yote kwa pamoja. Kwa kelele za aina ya Gauss, aina nyingine ya namba za kubahatisha, sensa tatu zinazohama pamoja sentimita moja kila moja, mabadiliko ya pamoja ni kipeuo cha pili cha tatu, 1.73, kwa hiyo kila sensa inapewa kelele mara 1.73, na mtu akichukua wastani anarudi pale pale ambapo ungekuwa na sensa moja. Hapo sensa za ziada hazijampa kitu. Watafiti Le Ny na Pappas waliandika vizuri sana mwaka 2014 jinsi ya kufanya hesabu hizi kwenye mifumo ya vichujio na ishara zinazokwenda na wakati, anayeweza hesabu aende huko.

Bili ya mwezi usiiwekee kelele. Mtu hatozwi pesa kwa namba ya kubahatisha, hiyo ni dhuluma. Mita isomwe mara moja kwa mwezi, namba kamili, aione mpangaji mwenyewe na mwenye nyumba. Ila kuwa makini tarehe ya kusoma iwe moja kwa wote na mwenye nyumba asiweze kuomba kusomewa katikati ya mwezi kila akijisikia, maana masomo mawili ya karibu yanatoa tofauti na tofauti ndiyo ile siri.

Saba, uvujaji upimwe ndani

Kujua bomba linavuja unaangalia maji yanayotoka kati ya saa nane na saa kumi usiku, yakiwa hayafiki sifuri siku kadhaa mfululizo kuna uvujaji. Hii ndiyo hoja ambayo kila muuzaji wa mifumo anakuambia lazima data yote ipande kwenye seva. Sio lazima. Kontrola ya kawaida inaweza kuhesabu hilo yenyewe, usiku saba mfululizo, alafu ikatuma neno moja, "kagua namba nne". Hakuna saa, hakuna lita. Mpangaji apate ujumbe huo kwanza.

Nane, waya na seva

Hapa nitapita haraka kwa sababu mengi mnayajua. Modbus ya kawaida, ile lugha ambayo sensa na kontrola huongea kwenye waya, ni ya mwaka 1979, haina paswedi wala haifichi chochote, mtu akijiunganisha na waya anasoma vipimo halisi vyote, kwa hiyo boksi lifungwe kwa ufunguo na Modbus isitoke nje ya jengo. Kama unatumia MQTT, njia ya kutuma ujumbe kwenda seva, toka kwenye poti 1883 nenda 8883 yenye usimbaji, yaani ujumbe unafichwa njiani. Badilisha paswedi za kiwandani. Rekodi za ndani zijifute baada ya muda uliopanga, sisi tuliweka siku 14. Usimbaji hata hivyo unamzuia mtu wa njiani tu, mwenye apu bado anaona kila ulichomtumia, na kwenye jengo la kupangisha huyo wa njiani mara nyingi sio tatizo kuu.

Waambie wapangaji kwa maandishi nini kinapimwa na nini kinatoka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019, na data inayoonyesha mtu fulani yupo nyumbani au hayupo ni taarifa yake binafsi hata kama imeandikwa kwa lita.

Tisa, jishambulie mwenyewe

Kabla ya kukabidhi kazi chukua data ya wiki mbili kama itakavyotoka nje, kamili, pamoja na muda na alamu, mpe mtu mwenye akili ya kompyuta ambaye hakushiriki. Muulize maswali matatu kwa kila nyumba: walikuwepo Jumamosi, wanaamka kabla au baada ya saa kumi na mbili, na nyumba ipi ina watu wengi zaidi. Omba ruhusa ya wapangaji wawili watatu wakupe majibu ya kweli ulinganishe. Kwenye swali la ndio au hapana akipata nusu, yaani kama mtu aliyerusha shilingi, uko vizuri. Akipata tisa kati ya kumi, rudi kwenye karatasi kuna tundu umelisahau. Mara ya kwanza tulipofanya jaribio hili kwenye mfumo mpya yule kijana bado alijua nani hayupo, na kilichomwambia ni apu, ilikuwa na kile kidoti cha kijani cha "valvu inafanya kazi" pembeni ya kila nyumba, nilikiacha kwa sababu kilikuwa kinapendeza. Tulikitoa, akarudia, akabaki anakisia.

Jaribio hili lirudiwe kila sensa mpya inapoongezwa. Mwezi uliopita mwenye nyumba alinipigia, "Fundi, nataka kuweka kipima ampea kwenye kila valvu, nimeona cha bei rahisi." Nikatoa ile karatasi, nikaongeza mstari wa kumi kushoto, nikajaza visanduku, na kwenye safu ya "yupo au hayupo" kilijaa chenyewe. Kikafungwa, lakini waya wake unaishia kwenye boksi.